Bustani Imegoma? Soma Dalili Kwanza, Dawa Baadaye

Mtu akiona sukuma wiki yake ina matobo, mguu unamtangulia kwenda duka la pembejeo. "Mna dawa ya mboga?" Muuzaji atampa, maana kazi yake ni kuuza. Tatizo ni kwamba bustani ya nyumbani haifanani na shamba la biashara linalopuliziwa, likaachwa, kisha likavunwa kwa mkupuo. Hapa unachuma leo, unachuma keshokutwa, na watoto wanakula jioni hiyohiyo. Lebo za viuatilifu huandikwa siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna: nyingine 3, nyingine 7, nyingine 14. Mboga inayochumwa mara mbili kwa wiki haina pa kuziweka siku 14.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na unachokiona kwa macho, unatafuta kilichokileta, na dawa ya dukani inatajwa mara chache tu. Mifano mingi ni ya Pwani ya Tanzania, yaani joto, mchanga na maji ya kisima, lakini aliye Mbeya au Limuru atakuta mengi yanamhusu pia.

Shida yoyote iwe, jiulize mambo matatu kabla ya kugusa kitu. Je, ni mche mmoja au tuta zima? Tuta zima likiugua kwa pamoja na kwa usawa, mtuhumiwa wa kwanza ni maji, udongo au mbolea. Wadudu na magonjwa huanzia sehemu moja kisha hutambaa. Je, imeanza majani ya chini (makuukuu) au ya juu (machanga)? Jibu hilo peke yake linaondoa nusu ya uwezekano. Tatu, imekuja polepole au usiku mmoja? Halafu geuza jani uangalie mgongo wake, fukua udongo karibu na shina, na ukiweza toka na tochi saa tatu usiku. Adui wengi wa bustani hawafanyi kazi mchana.

Mbegu hazijaota

Mchicha huota ndani ya siku 3 hadi 5 kukiwa na joto, nyanya siku 5 hadi 10, karoti inaweza kukaa wiki mbili. Kwa hiyo kwanza hakikisha hujakata tamaa mapema. Siku zikipita, fukua mbegu uzitazame.

Ukizikuta nzima na kavu, maji hayakufika au yalikatika. Mbegu iliyoanza kuchipua ikikauka siku moja tu, inaweza kufa. Tandaza nyasi kavu juu ya tuta, mwagilia juu ya nyasi, na uziondoe mara tu unapoona vichwa vya kwanza, jioni, wala si saa sita mchana. Ukizikuta zimeoza, maji yalizidi au ulizika kina kirefu. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Inatakiwa kufunikwa kwa udongo mwembamba tu. Ichanganye na mchanga mkavu kiganjani ndipo uimwage kwenye mstari, la sivyo itarundikana mahali pamoja.

Ukifukua usikute kitu chochote, sisimizi wamebeba. Wanaipenda mbegu ya mchicha na ya saladi. Fuata msururu wao utaona wanakoipeleka.

Bamia ina ganda gumu: iloweke usiku kucha. Saladi hugoma kuota udongo ukipita nyuzi joto 30 hivi, kwa hiyo wa Pwani aioteshee kivulini, pahali pa baridi, au asubiri mwezi Juni. Mbegu za vitunguu zikishapita mwaka mmoja kwenye kabati hupoteza sana uwezo wa kuota, hata kama pakiti bado inapendeza. Kwa mbegu yoyote unayoitilia shaka, weka kumi kwenye kitambaa kibichi ndani ya bakuli lililofunikwa. Zikiota chini ya tano, nunua nyingine.

Miche imeota vizuri, sasa inalala chini

Hapa kuna watuhumiwa wawili na kuwatofautisha ni rahisi. Shina likiwa limesinyaa, limekuwa jembamba na laini pale linapokutana na udongo, na miche imeanguka kwa vikundi, hicho ni kinyausi. Husababishwa na kuvu wa udongoni, lakini anayewaalika ni mwenye kitalu: mbegu zimebanana, maji ya jioni kila siku, kivuli kizito, samadi mbichi. Iliyokwisha kuanguka haiinuki tena. Punguza miche iliyobaki ipate hewa, mwagilia asubuhi tu, ondoa kivuli. Kitalu kinachofuata kihamishie sehemu nyingine.

Shina likiwa limekatwa kabisa, kama kwa wembe, na mche umelala pembeni ukiwa bado mbichi, huyo ni sota. Chimbua kwa kidole kuzunguka shina lililokatwa. Utamkuta kiwavi wa rangi ya udongo amejikunja nusu duara. Muue, maana usiku wa leo angehamia mche wa jirani. Kata chupa za plastiki vipande vya pete, uzungushie kila mche, pete izame kidogo udongoni. Miche ikishakuwa na shina gumu, sota hana habari nayo tena.

Na kama miche imeng'olewa, udongo umechimbuliwa na kuna manyoya, usitafute ugonjwa. Hakuna kiuatilifu cha kuku. Jenga uzio, au mfungie hadi mboga zikomae, na umweleze jirani kwa upole kwamba na wake pia wanahusika.

Majani yanakuwa ya njano

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalojibiwa vibaya kuliko yote, kwa sababu jibu la haraka ni "weka urea".

Njano ikianzia majani ya chini, ikienea jani zima kwa usawa, na mmea umedumaa, basi ni kweli naitrojeni imepungua. Mmea unaihamisha kutoka majani makuukuu kwenda machanga, ndiyo maana ya chini yanalipa gharama. Ni jambo la kawaida kwenye mchanga wa Pwani, ambako mvua moja kubwa ya masika inatosha kuisomba. Mboji au samadi iliyoiva ndiyo tiba ya kudumu. Ukitumia urea, kumbuka karibu nusu ya uzito wake (asilimia 46) ni naitrojeni tupu. Nusu kizibo cha soda kwa shina moja la sukuma lililokomaa kinatosha. Iweke mbali na shina kiasi cha upana wa kiganja, ifukie, mwagilia hapohapo. Ukiimwaga juu ya majani au kwenye miche midogo, utaiunguza.

Njano ikianzia majani machanga ya juu, huku mishipa ya jani ikibaki ya kijani, urea haitasaidia chochote. Hiyo ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kipo udongoni, ila udongo una chokaa nyingi kiasi kwamba mizizi haiwezi kukichukua. Utakutana nayo kwenye ardhi ya matumbawe, na utakutana nayo hata mbali na bahari pale tuta lilipochimbwa juu ya kifusi: mabaki ya saruji, plasta na tofali yaliyofukiwa wakati nyumba inajengwa. Nyumba nyingi za mjini zina eneo kama hilo, hasa karibu na ukuta. Kibaya zaidi, watu huongeza majivu kwa sababu wamesikia majivu ni dawa ya kila kitu. Majivu yanaongeza uchokaa. Ondoa kifusi, leta udongo mwingine na mboji nyingi, au panda kwenye magunia na ndoo kuukuu uachane na vita hiyo.

Njano ya tuta zima, majani yamelegea na udongo umelowa unanuka: mizizi inakosa hewa. Wakati wa masika mwezi Aprili hili ni jambo la kila nyumba. Inua tuta kwa sentimita 20 hadi 30 na chimba mfereji pembeni.

Kisha kuna kingo za majani kukauka kahawia, kuanzia makuukuu, na udongo ukikauka unaacha utando mweupe juu. Hiyo ni chumvi. Dar es Salaam na miji mingi ya mwambao watu wanamwagilia maji ya kisima yaliyo na chumvi kiasi, na kila ndoo inaongeza nyingine. Onja maji yenyewe. Kama ulimi unaisikia chumvi, mizizi iliisikia zamani. Usiongeze mbolea ya viwandani hapo, kwa sababu nayo ni chumvi ya aina yake. Mwagilia kwa wingi kila unapomwagilia ili maji yashuke na chumvi, badala ya kidogokidogo kila saa. Elekeza maji kwenye udongo, si juu ya majani. Na kinga maji ya bati mvua inaponyesha uyatumie kusafisha tuta. Halafu chagua mboga inayovumilia: spinachi inastahimili vizuri, ilhali maharage, karoti na vitunguu ni wa kwanza kulalamika. Maji yaliyofulia nguo kwa sabuni ya unga nayo yana chumvi na magadi; yamwage kwingine.

Njano yenye mabakamabaka, tena kwenye mimea michache tu, na majani yamekunjamana, ni virusi. Tutakuja huko.

Mmea umenyauka

Maboga na matango yakilegea saa saba mchana kisha yakasimama jioni, hayaumwi. Jani pana linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyaleta. Wasiwasi uanze pale mmea unapoamka asubuhi ukiwa umelegea.

Chomeka kidole udongoni hadi fundo la pili. Kukavu? Basi ni kiu, hata kama unamwagilia kila siku. Watu wengi hulowesha sentimita mbili za juu, udongo unang'aa, wanaondoka wameridhika, na mizizi iliyo chini haijapata tone. Kipindi cha jua kali, meta moja ya mraba inahitaji takriban lita 5 au 6 kwa siku. Tuta la meta 1 kwa 3 kwa hiyo linataka karibu ndoo nzima ya lita 20. Ukiona ndoo ni nyingi, tandaza majani makavu, nyasi au pumba za mpunga unene wa vidole vitatu, usiguse mashina. Matandazo yanapunguza maji yanayopotea hewani, yanapooza udongo, na ndiyo kazi ya nusu saa yenye faida kubwa kuliko zote katika bustani.

Kama kidole kimekuta unyevu na bado mmea umenyauka, ng'oa mmoja. Inauma, lakini mmoja unaokufa ni bora ukupe habari.

Angalia mizizi. Ikiwa na vinundu vingi, vikubwa kwa vidogo, vilivyojaa kwenye uzi wa mzizi wenyewe, hao ni minyoo fundo. Wanapenda udongo wa kichanga na wenye joto, yaani Pwani yote. Usivichanganye na vinundu vya kunde na maharage, ambavyo ni rafiki: vile vinabanduka kirahisi kwa ukucha na ndani vina wekundu hafifu. Vya minyoo havibanduki bila kuvunja mzizi. Hakuna dawa ya nyumbani ya kuwamaliza. Ongeza mboji kwa wingi, ng'oa mizizi yote baada ya mavuno na uichome, panda maua ya marigodi kwa wingi kwenye tuta hilo msimu mzima, na usirudishe nyanya, bamia wala karoti hapo karibuni. Pakiti za mbegu za nyanya zenye herufi N zinaonyesha aina inayowastahimili. Ila kwa aina nyingi ustahimilivu huo hudhoofika udongo ukizidi nyuzi joto 28, na wa Pwani wanajua udongo wao unafika wapi mwezi Februari.

Mizizi ikiwa safi, kata shina la nyanya karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Kining'inize ndani ya glasi ya maji masafi yaliyotulia, sehemu iliyokatwa ikigusa maji, usitikise. Ndani ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe za utelezi zikishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Mmea unakuwa ulinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, siku mbili tatu tu. Kama hakuna nyuzi, lakini shina ukilipasua lina mistari ya kahawia ndani, na njano ilianzia majani ya chini, pengine upande mmoja tu wa mmea, huo ni mnyauko fusari, unaosababishwa na kuvu.

Yote miwili haina tiba. Usidanganywe na mtu anayekuuzia ya kupuliza. Ugonjwa uko ndani ya mishipa ya mmea na udongoni. Ng'oa pamoja na udongo ulioshika mizizi, choma au fukia mbali, osha jembe, na maji ya tuta hilo yasitiririkie lingine. Bakteria hao hukaa udongoni miaka. Cha kuzingatia ni kwamba nyanya, biringanya, ngogwe (nyanya chungu), pilipili, viazi mviringo na mnavu ni ukoo mmoja. Mtu anang'oa nyanya zilizokufa, anapanda biringanya palepale, kisha anashangaa. Weka hapo mahindi, mchicha, kunde au sukuma kwa misimu kadhaa, na nyanya zihamie kwenye magunia yenye udongo kutoka pengine.

Majani yamejikunja, yametobolewa au yana michoro

Geuza jani. Vijidudu vidogo vya kijani, vyeusi au vya kijivu vimejazana kwenye ncha changa na mgongo wa majani, na kuna utelezi unaonata: vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wanawalinda kwa ajili ya huo utamu. Majani yaliyojaa sana yakate uyatupe. Wengine wapige kwa maji ya mpira kwa nguvu, au pulizia maji yenye sabuni ya maji, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa lita, jioni, hadi mgongo wa jani ulowe. Jaribu kwanza majani machache uone kama hayaungui. Suuza asubuhi. Rudia baada ya siku nne au tano, kwa sababu waliobaki huzaana upesi. Ukiona vijidudu vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni, waache. Wao na watoto wao wanakula vidukari, na sumu kali ya dukani itawaua wao kwanza.

Majani yamefifia, yana vitone vidogo visivyohesabika, na kuna utando mwembamba chini: utitiri mwekundu. Huja kiangazi, hupenda vumbi, na tuta lililo kando ya barabara ndilo makao yake. Ni mmoja wa wadudu ambao dawa za kawaida humnufaisha, maana zinaua wanaomla na kumwacha yeye. Osha migongo ya majani kwa maji kila siku ya pili. Nyanya na biringanya zikiwa zimeliwa sana, kata mapema.

Nyanya ya juu imejikunja kuelekea juu, majani madogo, kingo za njano, mmea umedumaa na kujifunga: wakulima wanaiita rasta. Ni virusi, na wanaoieneza ni nzi weupe, wale wanaoruka wingu ukitikisa mmea. Mmea uliopata rasta mdogo hautazaa cha maana, ung'oe leo. Kinga yake iko kitaluni, kwa kufunika miche hadi siku ya kuihamisha. Watu wengi hutumia chandarua chakavu cha mbu. Kinazuia nondo na kuku, lakini nzi mweupe ni mdogo, anapita. Tafuta kitambaa chepesi cha pazia chenye vitundu vidogo zaidi.

Michoro ya mistari myembamba inayopindapinda juu ya jani ni kazi ya mabuu ya nzi wachimba majani. Haipendezi machoni, ila haiui. Mabaka mapana, yenye uwazi, na ndani yake kinyesi cheusi, ni jambo lingine: kantangaze. Huyu nondo mdogo asili yake ni Amerika ya Kusini, alionekana Hispania mwaka 2006, na kufikia mwaka 2014 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania, akazimaliza nyanya za watu wengi. Amezoea dawa nyingi, kwa hiyo mwenye mashina kumi nyumbani ana silaha bora kuliko mwenye ekari kumi: mikono. Kagua kila siku ya pili, chuma kila jani lenye baka, ulifungie kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani hadi viwavi waliomo wafe. Usilitupe kwenye shimo la mboji. Matunda yenye tundu dogo karibu na kikonyo nayo yaende humo humo. Ng'oa mnavu unaojiotea uani, anajificha hapo nyanya zikiisha.

Kabeji na sukuma zikiwa na vidirisha, yaani upande mmoja wa jani umeliwa na ngozi nyembamba imebaki, ni viwavi wa nondo wa mgongo wa almasi. Hawa wanaokoteka kwa mkono kama mashina ni machache. Yakiwa mengi, hapa ndipo ninapokubali kwenda dukani, kutafuta Bt, dawa inayotengenezwa kwa bakteria. Inaua viwavi walioila tu, na siku zake za kusubiri ni chache, soma lebo. Mwarobaini nao unasaidia, mbegu zilizotwangwa zaidi ya majani. Pulizia jioni, kwa sababu jua linaivunja nguvu yake. Mchicha uliojikunja na kushonwa kwa nyuzi, na ndani kuna kiwavi wa kijani, ng'oa wote uliokomaa, osha, pika, na panda upya. Mchicha ni wa wiki tatu hadi nne. Haufai kupigiwa vita virefu.

Unga mweupe juu ya majani ya maboga na bamia ni ubwiri unga: ondoa majani hayo, ongeza nafasi. Vipele vyeupe chini ya jani la mchicha ni kutu nyeupe, nayo hupungua ukimwagilia chini asubuhi na kuacha kubananisha.

Nyanya: matatizo yanayokuja matunda yakiwa tayari yapo

Kitako cha tunda kimekuwa cheusi, kimebonyea, kigumu kama ngozi. Hapa watu wamepoteza fedha nyingi kwa dawa za kuvu, na kuvu hayumo. Kuoza kitako ni ukosefu wa kalsiamu ndani ya tunda, na kwa kawaida kalsiamu ipo udongoni. Inasafiri na maji. Siku mbili ukisahau kumwagilia, siku ya tatu ukafurikisha, tunda linalokua haraka linakosa mgao wake, na mwisho wa mstari, kitakoni, ndiko kunakofa. Urea nyingi inazidisha, maana mmea unakimbilia majani. Kwenye ndoo na magunia hutokea zaidi kwa sababu udongo ni kidogo na hukauka upesi. Toa matunda yaliyoharibika, weka matandazo, mwagilia kwa kipimo kilekile kila siku, simamisha urea. Matunda yanayofuata yatakuwa mazima. Maganda ya mayai yaliyosagwa si vibaya, ila yanachukua muda mrefu kuoza na hayatakuokolea msimu huu.

Kupasuka matunda ni ndugu wa hilo: ukame, halafu mvua.

Madoa ya kahawia yenye miviringo ndani yake, kuanzia majani ya chini, ni bakajani tangulia. Kata majani ya chini yanayogusa udongo, funga mmea kwenye mti, acha kumwagilia juu. Mabaka makubwa yanayoonekana kama yamelowa, na asubuhi yana ukungu mweupe chini ya jani, yakienea bustani nzima ndani ya siku chache za baridi na mvua, ni bakajani chelewa. Hilo ni janga la nyanda za juu, Lushoto, Iringa na kwingineko. Huko nyanya za nyumbani zipandwe chini ya paa dogo la nailoni.

Maua yanachanua na kudondoka bila tunda? Pwani, kati ya Desemba na Machi, tatizo ni usiku. Usiku ukibaki na nyuzi joto 24 au 25, chavua ya nyanya haifanyi kazi ipasavyo, na hakuna mbolea inayobadilisha hali hiyo. Sia kitaluni mwezi Aprili chini ya paa, hamisha Mei, maua yatakutana na kipupwe cha Juni na Julai. Kwenye miezi ya joto lisha familia kwa bamia, ngogwe, kunde na biringanya, ambazo joto haliziudhi hivyo.

Kwa maboga na matango kisa ni tofauti. Kitunda kidogo kipo nyuma ya ua, kisha kinakuwa njano na kuoza: ua jike halikupata chavua. Maua ya mwanzo mara nyingi ni madume matupu, kwa hiyo yakidondoka usihuzunike. Jike likichanua, chuma dume asubuhi mapema kabla ya saa tatu, toa petali, gusisha katikati ya jike. Na kama jirani anapuliza sumu asubuhi nyuki wakiwa kazini, mwombe ahamishie jioni.

Wiki hii mboga zinaozea tutani, wiki ijayo tunanunua gengeni

Hii nayo ni dalili, ingawa hakuna anayeileta kwa bwana shamba. Sababu yake ni kupanda pakiti nzima siku moja. Mchicha wote unakomaa pamoja, unagawa kwa majirani, kisha tuta linabaki tupu wiki nne.

Gawa tuta la mchicha vipande vitatu, usie kimoja kila baada ya siku 10. Sukuma ndiyo uti wa mgongo: shina likichumwa majani mawili kwa wiki linaendelea kutoa kwa miezi, kwa hiyo mashina 30 ni majani 60 kila wiki, ambayo kwa familia ya watu sita ni milo miwili ya mboga. Chuma ya chini, acha walau manne au matano juu. Anayenyofoa hadi kichwa asilaumu udongo.

Chainizi na mchicha vikitoa maua kabla ya kushiba majani, ni joto na kiu. Vuna mara moja, havitarudi nyuma.

Na weka matembele (majani ya viazi vitamu) mahali pa kudumu, karibu na panapomwagika maji ya kunawia mikono. Vipande vya shina vya urefu wa sentimita 30, theluthi mbili vimefukiwa, vitashika bila mbegu na bila kitalu. Chuma ncha tu, si shina lote, na mwezi wa kiangazi ambao mengine yamegoma ndiyo yatakayokuwa sufuriani. Yakianza kutoa majani madogo yenye mikunjo na mabaka ya njano, hayo ni virusi: ng'oa shina hilo na uchukue vipande vipya kwa mtu ambaye yake ni mazima.